Ernst May: Aliyepima jikoni Frankfurt asipime chumba cha Nairobi

MAFUNDI wanaopamba vyumba vya kupanga katika mitaa ya Kibera na Kawangware, Nairobi, hawana budi kuanza kazi kwa utepe wa kupimia. Chumba cha kawaida huko ni futi kumi kwa kumi, yaani mita za mraba tisa na ushei. Humo lazima vienee kitanda, makochi, kabati la vyombo, jiko la gesi au la makaa, mitungi ya maji, na pazia linalotenga pahali pa kulala na pahali pa kupokelea wageni. Fundi akikosea kwa inchi tatu tu, mlango utagonga kochi na mteja atakataa kulipa.

Kazi hiyo ya kuifanya nafasi finyu itosheleze familia nzima ndiyo iliyomletea sifa duniani Ernst May, Mjerumani aliyefungua ofisi ya usanifu wa majengo jijini Nairobi mnamo 1937 na kujijengea nyumba Karen. Anayetoka Karen kuelekea katikati ya jiji kwa Barabara ya Ngong huwa na Kawangware upande wake wa kushoto na Kibera upande wa kulia. Ni wachache miongoni mwa maseremala na washonaji mapazia wa kandokando ya barabara hiyo waliowahi kulisikia jina la jirani huyo wa zamani.

Wangelisikia, wangekuwa na mengi ya kuiga katika jinsi alivyoiendesha kazi yake, na moja kubwa la kuepuka. May alifaulu pakubwa alipowachunguza watu waliokusudiwa kukaa katika nyumba zake. Aliambulia patupu pale alipodhani kwamba anawajua bila kuwauliza.

May alizaliwa jijini Frankfurt mnamo Julai 27, 1886. Alisoma London, Darmstadt na Munich, lakini shule iliyomfaa zaidi ni ile ya kazini. Kati ya 1910 na 1912 alikuwa msaidizi katika ofisi ya Raymond Unwin, Mwingereza aliyekuwa akipanga kitongoji cha Hampstead jijini London. Kwa Unwin alijifunza kwamba nyumba ya mtu wa kipato cha chini haistahili kuwa nakala duni ya nyumba ya tajiri. Ina mahitaji yake yenyewe, na ni sharti ibuniwe upya kuanzia ndani.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza alikwenda Silesia, eneo la mashariki ya Ujerumani ya wakati huo, akasimamia ujenzi wa nyumba za mashambani kuanzia 1919. Mnamo 1925 mji wake wa kuzaliwa ulimwita na kumkabidhi idara nzima ya ujenzi. Frankfurt ilikuwa na uhaba mkubwa wa makao, na familia nyingi za wafanyakazi zilibanana katika vyumba vya kupanga vilivyokosa hewa na mwanga. Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi.

Katika muda wa miaka mitano, May na wenzake walijenga zaidi ya makao 12,000 katika vitongoji kama vile Römerstadt na Praunheim. Wanahistoria wengi humsifu kwa idadi hiyo. Kwa maoni yangu, jambo lililo kubwa zaidi ni lile alilolifanya ndani ya kuta, kwa kuwa serikali nyingi zimejenga nyumba nyingi na kuwaachia wapangaji taabu ya kujua waweke wapi kitanda.

Mapema mwaka wa 1926 alimwajiri Margarete Lihotzky, msanifu kijana kutoka Vienna aliyekuja kujulikana baadaye kama Schütte-Lihotzky, na kumpa kazi ya kubuni chumba cha kupikia. Lihotzky hakukimbilia kuchora. Alizisoma tafiti za mwendo wa mikono na miguu ya mtu akiwa kazini, akatumia saa kupima muda ambao mama wa nyumba huupoteza akitoka kwenye meko kwenda kwenye kabati, na kutoka kabatini kwenda kwenye sinki. Kielelezo chake kilikuwa jiko la behewa la chakula katika gari la moshi, ambamo wapishi wachache huwalisha abiria wengi katika ujia mwembamba.

Chumba kilichotokana na vipimo hivyo kilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, yaani mita za mraba sita na nusu hivi. Ubao wa kupigia pasi ulikunjwa ukutani. Taa ilining'inia kwenye reli, ikasukumwa hadi palipohitajika. Kiti kilizunguka. Sukari, mchele na nafaka nyingine vilikaa katika droo ndogo za alumini zilizoandikwa majina, na unga ukakaa katika droo za mti wa mwaloni kwa sababu ubao huo huwafukuza wadudu. Hata rangi ya samawati ya makabati ilichaguliwa kwa imani kwamba nzi huiepuka. Mlango wa kusukuma kando ulimwezesha mama kuwatazama watoto sebuleni huku akipika.

Takriban majiko 10,000 ya aina hiyo yalitiwa katika nyumba za Frankfurt. Cha kuchekesha ni kwamba Lihotzky mwenyewe alikiri baadaye kuwa alipoyabuni hakuwa amewahi kupika wala kuendesha nyumba. Alifaulu kwa kuwa alipima badala ya kukisia.

Mpangaji na bei

Hapa ndipo mtu anayetaka kuishi kwa ubunifu wa ndani ya nyumba anapaswa kumwangalia May kwa makini, kwani alikuwa mfanyabiashara hodari ingawa aliajiriwa na baraza la mji.

Kwanza, alitambua kuwa mpangaji hawezi kulipia kabati na meko kwa mkupuo. Kwa hivyo gharama ya jiko iliingizwa katika gharama ya ujenzi, na mpangaji akailipa kidogo kidogo ndani ya kodi ya kila mwezi. Mafundi wa Kawangware wanaomkubalia mteja alipe kwa awamu wanaijua hesabu hii. Tofauti ni kwamba Frankfurt iliiandika katika mkataba tangu mwanzo, ilhali fundi wetu wengi hupatana kwa mdomo, wakabaki wakimwinda mdaiwa mwishoni mwa mwezi.

Pili, alisanifisha vipimo. Milango, vitasa, madirisha na makabati vilifuata kipimo kimoja, vikaagizwa kwa maelfu, na bei ikashuka. Fundi anayetengeneza kila kabati kwa kipimo kipya hupoteza mbao na siku. Anayejua kwamba vyumba vingi vya mtaa wake ni futi kumi kwa kumi anaweza kukata mbao za makabati matano kwa wakati mmoja.

Tatu, na hili ndilo lililonivutia kuliko yote, alianzisha orodha. Jarida la Das Neue Frankfurt, lililoanza kuchapishwa mnamo 1926, lilikuja kuwa na nyongeza iliyoitwa Rejista ya Frankfurt. Ndani yake mpangaji aliona taa, viti, majiko na vitasa vilivyokaguliwa na wataalamu wa mji na kuthibitishwa kuwa vinafaa nyumba ndogo. Kabla ya hapo, familia nyingi zilihamia katika nyumba mpya na makabati makubwa ya kurithi yasiyopita mlangoni. Rejista ilimsaidia mnunuzi asilaghaiwe, na ikampa mtengenezaji mwaminifu soko.

Sambamba na orodha hiyo, mji ulikuwa na kampuni yake ya fanicha, Hausrat, iliyouza samani nyepesi kwa watu wa kipato cha chini. Msanifu Ferdinand Kramer aliibunia viti na makabati ya mbao za tabaka, na baadhi ya kazi hiyo ilifanywa na watu waliokosa ajira. Mpango mmoja ulimpa mpangaji kiti cha bei nafuu na ukampa asiye na kazi riziki. Wenye kupanga miradi ya makao humu nchini, ambayo mara nyingi huagiza milango na makabati kutoka ng'ambo huku karakana za jua kali zikisubiri wateja, wangefaidi kuusoma ukurasa huo.

Tusimpambe kupita kiasi, hata hivyo. Kulikuwa na malalamiko. Jiko lilikuwa jembamba mno kwa watu wawili kupishana, na familia zilizozoea kula jikoni zilijaribu kusukuma meza ndani zikashindwa. Baraza la mji lililazimika kuandaa mihadhara na maonyesho ili kuwafundisha akina mama matumizi yake. Baya zaidi, kodi ya nyumba nyingi ilibaki juu ya uwezo wa vibarua wa chini kabisa. Jambo hilo lilimkera May. Mnamo Oktoba 1929 wasanifu wa nchi mbalimbali walikusanyika Frankfurt kwa kongamano lao la pili, na mada ikawa makao ya mtu mwenye kipato cha chini kabisa: je, binadamu anahitaji nafasi kiasi gani, na samani zipi, ili aishi kwa heshima? Swali hilo bado halijajibiwa Gatwekera wala Laini Saba.

Mwishoni mwa 1930, huku mdororo wa uchumi ukikausha fedha za ujenzi, May aliondoka na kundi la wataalamu kwenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji ya viwanda, ukiwemo Magnitogorsk. Mipango mingi ilibadilishwa na wakubwa wa huko, vifaa vikakosekana, na kufikia mwisho wa 1933 alikuwa amekata tamaa. Kurudi nyumbani hakungewezekana. Hitler alikuwa ametwaa mamlaka Januari mwaka huo, na May alikuwa na nasaba ya Kiyahudi, mbali na kuhesabiwa miongoni mwa wafuasi wa siasa za mrengo wa kushoto.

Ndivyo mtu aliyesimamia ujenzi wa jiji zima alivyojikuta mkulima wa kahawa karibu na Arusha, Tanganyika, mwaka wa 1934, pamoja na mkewe Ilse na watoto wao. Alikuwa na umri wa miaka 47.

Kuanza upya Nairobi

Kilimo hakikumtosha. Mnamo 1937 aliuza shamba na kuhamia Nairobi, akafungua ofisi. Hapakuwa na baraza la mji lililokuwa tayari kumwachia idara wala jarida la kutangaza kazi zake. Alianza kama anavyoanza fundi yeyote mgeni mtaani: kwa nyumba moja ya mteja mmoja, kisha ya rafiki wa mteja huyo. Wazungu walowezi walimpa kazi za nyumba, na makazi ya ghorofa ya Delamere jijini Nairobi yakawa miongoni mwa kazi zake kubwa za mapema.

Vita Vikuu vya Pili vikaikatiza safari hiyo. Waingereza hawakujali kwamba alikuwa amemkimbia Hitler. Kwao alikuwa Mjerumani, na akawekwa kizuizini kwa zaidi ya miaka miwili. Alipoachiliwa ilimbidi awatafute tena wateja aliokuwa amewapoteza.

Wakati huo Kibera haikuwa pori tupu. Wanubi, wazao wa askari wa Sudan waliotumikia jeshi la wakoloni, walikuwa wameishi huko tangu mwanzoni mwa karne, wakiwa na nyumba za udongo zilizopambwa ndani kwa vitanga na vikapu vyenye rangi vilivyosukwa na wanawake. Kawangware ilikuwa katika ardhi ya Wakikuyu wa Dagoretti. Katika mitaa ya Waafrika ya Nairobi, vibarua walibanana vyumbani kama walivyobanana wale wa Frankfurt mwaka wa 1925. Mtaalamu wa ulimwengu wa nafasi finyu alikuwa na kazi mlangoni pake.

Jibu lake, mnamo 1945, lilikuwa nyumba ya vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani na kuning'inizwa kwenye mbavu zilizopinda. Ukuta na paa vilikuwa kitu kimoja, vikiinuka kutoka ardhini na kukutana juu mithili ya nusu ya yai. May aliamini kwamba umbo hilo lingemkumbusha Mwafrika nyumba ya msonge ya kijijini kwao, na kwamba ujenzi wake ungekuwa wa haraka na wa bei nafuu.

Nyumba ya mfano ilijengwa. Uzalishaji wa wingi haukufuata.

Zipo sababu za kiufundi na za kifedha, lakini mtu yeyote aliyewahi kupamba chumba cha Kibera ataiona kasoro nyingine papo hapo. Kabati haliegemei ukuta uliopinda. Kitanda husimama mbali na ukuta na kula nafasi ya katikati. Pazia la kutenga chumba halina pa kufungiwa. Yule aliyemtuma Lihotzky na saa mkononi kuhesabu hatua za mama wa Frankfurt hakumtuma yeyote kuhesabu hatua za mama wa Pumwani. Alichukua umbo la nyumba ya Kiafrika kama lilivyoonekana kwa nje, akaacha yale yanayotendeka ndani yake.

Haikuwa ajali. Maandishi yake ya miaka hiyo yamejaa fikra za kikoloni kwamba Mwafrika angepaswa kupandishwa kwenye ustaarabu hatua kwa hatua, na kwamba nyumba ingekuwa ngazi ya kumpandishia. Fikra hizo zinaonekana wazi katika mpango wa kupanua mji wa Kampala kwenye vilima vya Kololo na Naguru, alioukamilisha na kuuchapisha mwaka wa 1947. Ni mpango uliochorwa kwa ustadi, wenye kuheshimu vilima na mabonde, lakini uliwagawa watu kwa rangi zao na kumtengea kila mmoja aina yake ya nyumba. Wasomi wa leo humkosoa vikali kwa hilo, na wana haki.

Mambo yalikuwa tofauti alipokutana na mteja Mwafrika aliyekuwa na fedha na kauli. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilimpa kazi ya kusanifu makao yake makuu mjini Moshi mwishoni mwa miaka ya 1940. Wakulima Wachagga walijua walichokitaka: ofisi, maduka, mahali pa mikutano na pa kulala wageni, vyote pamoja. May aliwapa jengo la kisasa lililokabili jua na mvua za kwao, bila msonge wala vikumbusho vya kijijini. Mteja alikuwa ameketi mezani akiuliza maswali, na kazi ikatoka vizuri. Si vigumu kuona kilichokosekana Nairobi.

Miaka yake ya mwisho Afrika Mashariki ilikuwa ya neema. Jumuiya ya Ismailia ilimpa kazi za shule na matibabu, zikiwemo za Kisumu. Alisanifu hoteli ya Oceanic mjini Mombasa, iliyopindwa ili vyumba vipate upepo wa bahari. Jengo la Makavazi ya Taifa ya Uganda, lililofunguliwa Kampala mnamo 1954, nalo ni lake. Katika kazi hizi alirejea kwenye tabia yake njema ya zamani: kuchunguza jua linachomoza wapi, upepo unavuma kutoka upande gani, na mtu atasimama wapi akifungua dirisha.

Mwishoni mwa 1953, zaidi ya mwaka mmoja baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari nchini Kenya, May alifunga ofisi na kurudi Ujerumani. Alikuwa na umri wa miaka 67, umri ambao wengi hustaafu. Ujerumani ilikuwa magofu na ilihitaji nyumba kwa mamilioni. Aliongoza idara ya mipango ya Neue Heimat, shirika la nyumba la vyama vya wafanyakazi lenye makao Hamburg, na akashiriki kupanga vitongoji vikubwa, kikiwemo Neue Vahr mjini Bremen. Alifariki Hamburg mnamo Septemba 11, 1970, akiwa na umri wa miaka 84.

Schütte-Lihotzky aliishi hadi Januari 2000, akafariki Vienna siku chache kabla ya kutimiza miaka 103. Majiko waliyoyatia katika nyumba za wafanyakazi yaling'olewa kwa maelfu na wapangaji waliotaka vitu vipya. Yaliyosalia sasa yanatafutwa na makavazi. Moja lilinunuliwa na makavazi ya sanaa ya kisasa ya New York mwaka wa 2009, na jingine limerejeshwa mahali pake katika nyumba moja ya Römerstadt, ambako wageni hulipa kiingilio ili kuvuta droo za sukari na mchele.

Kampala, mpango wa 2011 wa kubomoa makavazi ili kupisha jengo refu la biashara ulizua upinzani, na jengo la May lingali limesimama kwenye Barabara ya Kira. Kuhusu ile nyumba ya zege yenye umbo la nusu yai, hakuna fundi wa Nairobi aliyeiiga. Kibera na Kawangware bado hujengwa kwa kuta zilizonyooka, za udongo, mabati au mawe, na mtu akihamia humo hutanguliza kabati kwenye kona.